Kupima Kumbukumbu kwa Mchezo wa Kulinganisha: Mwongozo Kamili kwa Wanyama na Binadamu

Njiwa amesimama mbele ya vitufe vitatu. Cha katikati kinawaka chekundu, anakidonoa, kinazimika. Sekunde nane zinapita. Kisha vya pembeni vinawaka kwa pamoja, kimoja chekundu na kingine cha kijani. Anadonoa cha kijani. Amekosa.

Haya, amesahau? Huenda. Lakini huenda pia hakuitazama vizuri ile rangi tangu mwanzo. Huenda anapenda kijani tu. Huenda anapenda upande wa kushoto, au zamu iliyopita jibu lilikuwa kijani na bado limemkaa kichwani. Kupima kumbukumbu kwa sehemu kubwa ni kuzitenga sababu hizi moja baada ya nyingine mpaka ibaki ile unayoitafuta. Mtu akikuambia "njiwa wangu amepata asilimia 70" halafu akanyamaza, bado hajakuambia kitu.

Mchezo wenyewe

Kila zamu ina sehemu tatu. Kwanza unaonyesha sampuli. Kisha unaiondoa na kumwacha mhusika angoje. Mwisho unaleta machaguo mawili au zaidi, na jibu sahihi ni lile linalofanana na sampuli. Huko ndiko kulinganisha na sampuli. Sampuli ikibaki mbele ya macho wakati wa kuchagua, unapima kutofautisha. Ikiondolewa, unapima kutofautisha na kumbukumbu kwa pamoja. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayowaponyoka wengi.

Uko mtindo wa kinyume, ambapo jibu sahihi ni kile kisichofanana na sampuli. Kwa tumbili na panya wanaopewa vitu halisi huu huwa mwepesi zaidi, kwa sababu wanyama hao huvutwa na kitu kigeni hata bila kufundishwa. Upo pia mtindo wa ishara: sampuli nyekundu inamaanisha "chagua pembetatu", sampuli ya kijani inamaanisha "chagua duara".

Mchezo ni wa zamani. Mtafiti Nadezhda Ladygina-Kohts aliucheza na sokwe mdogo aitwaye Joni huko Moscow kati ya 1913 na 1916: alimwonyesha kitu, naye Joni akatafuta mwenzake kwenye lundo. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliueleza kwa njiwa mwaka 1950, na mwaka 1959 Donald Blough akachapisha kazi yake ya njiwa waliolazimika kungoja kabla ya kuchagua.

Hatua ya 1: Chagua swali moja

Ukitaka kujua uwezo wa kutofautisha, acha muda wa kungoja ubaki sifuri, kisha sogeza machaguo yafanane zaidi na zaidi. Ukitaka kujua kumbukumbu, acha machaguo yawe yaleyale, kisha refusha muda wa kungoja. Usibadilishe vyote viwili kwa siku moja kabla hujajua kila kimoja kinafanya nini peke yake. Ni sharti dogo, ila ukilivunja hakuna hesabu itakayokuokoa baadaye.

Hatua ya 2: Chagua vitu vya kuonyesha

Anza na milango ya fahamu ya mhusika wako. Mbwa hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, kwa hiyo mpe bluu na manjano, au maumbo, au harufu. Panya wa maabara macho yake si ya kutegemea sana; harufu na mahali vinamfaa zaidi. Hata nyuki wanaweza mchezo huu. Martin Giurfa na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba nyuki aliyejifunza kulinganisha rangi aliweza kulinganisha michoro ambayo hajawahi kuiona, na aliyejifunza kwa harufu aliweza kwa rangi.

Kisha amua utatumia vitu vingapi, maana idadi hubadilisha kinachopimwa. Ukitumia rangi mbili tu siku nzima, mhusika hakumbuki kama ameiona nyekundu. Ameiona mara thelathini tangu asubuhi! Anachopaswa kukumbuka ni ipi imekuja mwisho, na kumbukumbu za zamu zilizopita humwingilia. Ukitumia vitu mamia, kila kimoja mara moja tu, swali huwa "nimekiona hiki au la", na hilo ni jepesi zaidi. Idadi hugusa hata kinachofundishwa. Mwaka 1988 Anthony Wright na wenzake walilinganisha njiwa waliofundishwa kwa picha 2 na wengine waliofundishwa kwa picha 152. Kundi la picha nyingi liliweza kulinganisha picha mpya kabisa. Kundi la picha mbili halikuweza. Lilikuwa limekariri majibu, halijashika wazo la kufanana.

Kwa watu wazima, epuka vitu vyenye majina. Ukimwonyesha mtu duara jekundu atajisemea "duara jekundu" moyoni hadi mwisho, nawe utakuwa umepima ulimi. Tumia michoro isiyo na jina, ambayo machaguo yake yanatofautiana kwa jambo dogo, mathalani kona moja tu.

Hatua ya 3: Tengeneza vifaa, na ujifiche

Mwenye kompyuta anaweza kutumia programu ya bure kama PsychoPy kwa binadamu. Asiye nayo anahitaji ubao, vikombe vitatu vinavyofanana, kadi za kufunikia, na kipande cha kadibodi cha kuwa pazia. Kadi ya sampuli inakaa kwenye kikombe cha katikati, mhusika anaigusa, pazia linashuka, kadi mbili zinawekwa kwenye vikombe vya pembeni, pazia linapanda.

Harufu ya chakula ni adui wa kwanza. Ukiweka kipande kwenye kikombe sahihi peke yake, mbwa atanusa na kadi zako zitakuwa mapambo. Vikombe vyote viwe na chakula kilichonaswa chini ya wavu ambako hakifikiki, na zawadi itolewe kwa mkono baada ya jibu.

Adui wa pili ni wewe. Berlin ilikuwa na farasi aitwaye Hans aliyesifika kwa kujua hesabu, hadi Oskar Pfungst alipoonyesha mwaka 1907 kwamba farasi alikuwa akisoma mabadiliko madogo ya mwili wa muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakujua kwamba anayafanya. Mimi nimeanguka mtego huohuo. Mbwa niliyemfundisha alifika majibu tisa sahihi kati ya kumi, nikafurahi siku mbili. Siku ya tatu nilimpa mtu mwingine akae mbele ya pazia bila kujua jibu, na mbwa akarudi kubahatisha. Tulipotazama video tuliona: kila pazia lilipopanda, bega langu la upande wa jibu lilishuka kidogo. Tangu hapo anayekaa mbele ya mnyama hajui jibu, anatazama ukutani, na anayejua yuko nyuma na karatasi yake.

Hatua ya 4: Andika zamu zote kabla ya kuanza

Usichague upande papo hapo. Kichwa cha mtu hakijui kubahatisha. Andaa karatasi yenye safu za namba ya zamu, sampuli, upande wa jibu, muda wa kungoja, na nafasi tupu ya jibu. Kila sampuli itokee mara sawa, kila upande uwe sahihi mara sawa, na kila sampuli ipate kila upande mara sawa. Jibu lisiangukie upande uleule zaidi ya mara tatu mfululizo. Kanuni hii imetumika tangu L. W. Gellermann alipochapisha orodha zake mwaka 1933. Safu ya karatasi yangu husomeka hivi: "17, bluu, kushoto, sekunde 4, ✓."

Kati ya zamu moja na nyingine acha nafasi. Kadiri zamu zinavyosongamana, ndivyo ile iliyopita inavyochafua inayofuata. Kwa njiwa, sekunde 20 au 30 ni mwanzo mzuri.

Hatua ya 5: Fundisha mchezo bila kungoja

Binadamu unamwambia tu. Mnyama unampandisha ngazi kwa ngazi. Kwanza azoee mahali na ale bila woga. Kisha azawadiwe kwa kugusa sampuli. Kisha, akishagusa sampuli, lije chaguo moja tu, lile sahihi. Baadaye yaje machaguo mawili huku sampuli ikiwa bado ipo. Mwisho sampuli iondoke papo hapo machaguo yanapotokea: huo ndio muda wa sifuri.

Usipande ngazi kabla hajapata angalau asilimia 85 kwa vipindi viwili mfululizo (kipindi ni zamu zote za kikao kimoja). Njiwa anaweza kuhitaji maelfu ya zamu, na hapo ndipo watu wengi huchoka na kuruka. Ukiruka, utafika kwenye kungoja na mnyama ambaye hajui mchezo, kisha utaandika kwamba ana kumbukumbu mbovu.

Mambo matatu husaidia. Mtake afanye kazi kwenye sampuli, mathalani aidonoe mara kumi badala ya moja, ili uwe na hakika ameitazama. Iache sampuli ionekane kwa muda mrefu zaidi. Na ikiwezekana, kila sampuli iwe na zawadi yake: jibu sahihi la bluu lilete nafaka ya aina moja, la manjano aina nyingine. Hilo la tatu linashangaza, lakini limeonekana tena na tena: mnyama anayetarajia kitu mahsusi hukosea kidogo kuliko anayetarajia "chakula" tu.

Mnyama akiganda upande mmoja, rudia zamu aliyokosa hadi apatie. Zamu hizo za kusahihisha usizihesabu kwenye matokeo. Kuhusu njaa: nyumbani fanya kipindi kifupi kabla ya mlo wa kawaida na uishie hapo. Kupunguza uzito wa mnyama ni kazi ya maabara yenye kibali cha kamati ya maadili na mtu wa kupima uzito kila siku.

Hatua ya 6: Ingiza kungoja

Chagua muda unaomfaa mhusika. Kwa njiwa anza na sekunde 0, 2, 4 na 8. Panya anayebonyeza nyenzo, yaani vijiti vya kubonyeza, huweza kupelekwa hadi sekunde 24 hivi. Kwa binadamu, kipimo cha aina hii kilicho kwenye CANTAB, mkusanyiko wa vipimo vya akili vya kompyuta, hutumia sampuli inayobaki kuonekana, kisha sekunde 0, 4 na 12, na machaguo manne.

Changanya nyakati zote za kungoja ndani ya kipindi kimoja. Ukifanya leo sekunde 0 na kesho sekunde 8, huwezi kujua kama kilichoshuka ni kumbukumbu au hamu ya kufanya kazi. Na sifuri isikosekane katika kipindi chochote, kwa sababu ndiyo mizani yako.

Sasa mtazame mhusika wakati anangoja. Usiangalie saa, mwangalie yeye. Blough aliona kwamba baadhi ya njiwa walikuwa na mwenendo wao wakati wa kungoja, tofauti kwa kila sampuli, na hao ndio waliofanya vizuri. Panya wa mchezo wa nyenzo mbili, ambao sampuli yake ni wenzo mmoja na jibu ni kuubonyeza uleule baada ya kungoja, hufanya ujanja ulio wazi zaidi: hukaa mbele ya wenzo sahihi na kungoja hapohapo. Hapo kumbukumbu iko kwenye miguu. Tiba yake ni kumfanya aingize pua kwenye chombo cha chakula kilicho katikati muda wote wa kungoja, ili asiweze kupiga kambi upande wowote. Binadamu naye mpe kazi ya kinywa: ahesabu kurudi nyuma kwa tatu-tatu, 418, 415, 412, mbinu iliyopata umaarufu baada ya Lloyd na Margaret Peterson kuitumia mwaka 1959.

Hali ya chumba pia ni sehemu ya kipimo. Ukiwasha taa ya kisanduku wakati njiwa anangoja gizani, majibu yake huharibika sana. Kwa hiyo taa, kelele na watu wanaopita viwe vilevile kila siku, au uvitumie makusudi kama swali.

Ndani ya kichwa, kungoja si utupu. Mwaka 1971 Joaquín Fuster na Garrett Alexander walirekodi seli za sehemu ya mbele ya ubongo wa tumbili zilizoendelea kufanya kazi katika muda wote wa kungoja, kana kwamba zinashikilia mlango wazi.

Hatua ya 7: Soma matokeo

Kwanza jiulize: amezidi bahati? Kwenye machaguo mawili, bahati ni asilimia 50. Kwenye manne, asilimia 25. Kwa zamu 20 za machaguo mawili, anayebahatisha hufikia 15 au zaidi kwa uwezekano wa kama asilimia 2 tu. Kwa machaguo manne, kufikia 9 kati ya 20 kuna uwezekano wa kama asilimia 4. Chini ya hapo usishangilie.

Kisha chora mstari: muda wa kungoja chini, usahihi kando. Chukua wanyama wawili wa kubuni. Wa kwanza anapata 95, 90, 82 na 71 kwa sekunde 0, 2, 4 na 8. Wa pili anapata 76, 75, 73 na 70. Ukiwapima kwa sekunde 8 peke yake, utasema kumbukumbu zao ni sawa. Mstari unasema vingine. Wa kwanza anaona vizuri na anasahau haraka. Wa pili hasahau karibu chochote. Tatizo lake liko mwanzoni kabisa, kwenye kutofautisha au kutazama. Urefu wa mstari kwenye sifuri ni habari ya utambuzi, mteremko wake ni habari ya kumbukumbu. Ukimpa mhusika dawa na mstari mzima ukashuka bila mteremko kubadilika, usiandike kwamba dawa imeharibu kumbukumbu.

Halafu upendeleo. Tuseme kila sampuli imeonyeshwa mara 40. Mnyama A amepatia bluu 36 na manjano 20. Mnyama B amepatia bluu 28 na manjano 28. Wote wana asilimia 70. Lakini A ana mapenzi na bluu, na mapenzi hayo yanaficha uwezo wake. Gawanya majibu sahihi kwa makosa katika kila sampuli, zidisha matokeo mawili, chukua logi ya msingi wa 10 (kitufe cha "log" kwenye kikokotoo), kisha nusu yake. Kwa A: 36/4 ni 9, 20/20 ni 1, zao ni 9, nusu ya logi ni 0.48. Kwa B: 28/12 mara 28/12 ni 5.44, nusu ya logi ni 0.37. A anatofautisha vizuri zaidi. Ni sawa na mnyama asiye na upendeleo aliyepatia 30 na 30. Kukiwa na sifuri mahali popote, ongeza 0.5 kwenye kila idadi kabla ya kugawanya. Fanya hesabu hiyohiyo kwa kushoto na kulia.

Hatua ya 8: Jaribu vitu vipya

Kama unataka kusema mhusika ameelewa "kufanana", mpe vitu ambavyo hajawahi kuviona, vichache, vikiwa vimechanganywa na vya zamani. Kinachohesabika ni mara ya kwanza tu. Mara ya pili tayari ameshapata fundisho.

Kuhusu binadamu

Mtoto mdogo mpe zamu chache na kadi za kushika mkononi. Akichoka hukuambia kwa kubonyeza kushoto mfululizo. Kwa mzee hakikisha miwani ipo usoni kabla ya jambo lolote. Pima na muda wa kujibu, maana mtu anaweza kupata alama zilezile kwa kuchukua muda mara mbili. Eleza kazi, pata ridhaa, na usimpe mtu alama zake kama majibu ya daktari: mchezo mmoja wa kulinganisha hautambui ugonjwa.

Wala usidhani kwamba unagusa "kumbukumbu" nzima. Mwaka 1978 Mortimer Mishkin alieleza kwamba tumbili waliokatwa hipokampasi na amigdala, sehemu mbili za ndani ya ubongo, kwa pamoja walishindwa vibaya mtindo wa kinyume wenye vitu vipya. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya hasara ilitokana na gamba la ubongo lililo jirani, lililoguswa na upasuaji huohuo. Kukitambua kitu ulichokiona na kukumbuka ulikiona wapi vinategemea sehemu zisizo sawa za ubongo, na mchezo huu unauliza zaidi lile la kwanza.

Ukishaumudu, ongeza mlango wa kutokea. Robert Hampton aliufanya kwa tumbili mwaka 2001: baada ya kungoja, kabla machaguo hayajaonekana, mnyama aliweza kukubali mtihani na kupata zawadi nono akipatia, au kuukataa na kupata zawadi hafifu ya uhakika. Zamu nyingine alilazimishwa kujibu. Walipokubali wenyewe walipatia zaidi kuliko walipolazimishwa, na sampuli ilipokuwa haikuonyeshwa kabisa, waliukataa mtihani mara nyingi zaidi. Kwenye karatasi yako unahitaji safu moja tu ya ziada: "amekubali" au "amekataa".